Ndimu ya Pili: Mvinyo wa Kunywa na Samaki wa Ziwa

Ukifika Obunga, hapa Kisumu, asubuhi utawakuta akina mama na mabeseni yao wakingoja migongo wazi kutoka viwandani. Mgongo wazi ni mbuta aliyekwisha kuvuliwa minofu: kichwa, uti, mkia, na nyama kidogo iliyong'ang'ania mbavuni. Minofu yenyewe hulazwa barafuni na kusafirishwa ng'ambo. Biashara hiyo ilishika kasi miaka ya 1980, ikayumba kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulipoifungia mlango zaidi ya mara moja, kisha ikasimama tena. Kwa hiyo mbuta mmoja huliwa mabara mawili. Mnofu unaliwa kwao, mfupa unaliwa kwetu, na mimi niliyekula vyote viwili nakuambia mfupa ndio wenye ladha.

Nilihudumu mezani miaka kumi na tisa katika hoteli za mji huu wa Kisumu kabla magoti hayajaniambia nikae. Tangu nistaafu, kila Desemba watoto wa watu wanaporudi kutoka Nairobi na ng'ambo, swali huwa ni lile lile: "Jaduong', tununue waini gani?" Nami huuliza, mtakula nini? Wengi hushangaa. Walidhani chupa huchaguliwa kwa lebo yake, au kwa bei, au kwa jinsi itakavyoonekana mbele ya wakwe. Ila wakishafikiri kidogo hujibu: kuku atakuwepo, nyama itakuwepo, na samaki hawezi kukosa.

Sasa tazama kinachotokea mezani. Analetwa ngege mzima, yaani tilapia, amekaangwa kisha akaungwa kwa nyanya, kitunguu na dhania. Kando yake inasimama chupa ya mvinyo mwekundu mtamu iliyoshinda juu ya kabati, katika joto la nyuzi 29. Mtu anakula tonge, anapiga funda, anakunja uso, halafu analaumu samaki kwamba amelala. Samaki wa watu amevuliwa usiku ule ule.

Mvinyo mwekundu hupata rangi yake kwenye maganda ya zabibu, na maganda hayo hutoa pia tanini, kile kitu kinachokausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Tanini haipatani na samaki. Kuna na jambo la pili: mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chembe za madini ya chuma zilizomo katika baadhi ya mvinyo, hasa mwekundu, ndizo zinazoamsha ladha ya shombo zikikutana na mafuta ya samaki. Ndiyo ile ladha ya kulamba kijiko cha bati. Ukiongeza sukari juu yake hujaitibu, umeivisha nguo tu.

Dawa ya shombo mama yeyote anayekaanga samaki pale ufuoni Dunga anaijua, na hajawahi kuisomea. Anakata ndimu. Basi ushauri wangu wote umekaa ndani ya ndimu hiyo: mvinyo wa samaki ni ndimu ya pili mezani. Uwe mweupe, uwe mchachu, uwe mwepesi, uwe baridi. Mengine nitakayoyasema ni namna ya kuupata hapa kwetu, namna ya kutouharibu, na mwishoni neno kwa wale wanaonipigia simu kutaka kupanda mizabibu Nyando.

Nilijifunza hayo kwa Mfaransa mmoja aliyekaa nasi wiki tatu akila ngege kila usiku. Alitoka Savoie, mkoa mdogo wa mvinyo kwenye milima ya Alpi, jirani na Uswisi na Italia. Mashamba yote ya mizabibu ya mkoa huo ni kama hekta 2,000 tu, na kwa Ufaransa hiyo ni kama kibustani cha nyuma ya nyumba. Ni nchi ya maziwa. Upande mmoja kuna ziwa Léman, wanalogawana na Uswisi, na upande mwingine ziwa Bourget. Watu wa huko hula samaki wa maji baridi kama sisi: humkaanga kwa siagi, humkamulia limau, na kando huweka glasi ya mvinyo mweupe uliopoa. Samaki wao mmojawapo humwita perche. Mbuta wetu alipofika masokoni kwao wakampa jina la perche du Nil, ingawa hawana undugu wa karibu.

Zabibu inayotawala Savoie huitwa Jacquère. Mvinyo wake una kilevi cha asilimia 11 hivi, unakwaruza ulimi kidogo, unasafisha kinywa, na hauna makuu. Mizabibu yake mashuhuri, ya Apremont na Abymes, imeota juu ya kifusi: mwaka 1248 ubavu wa mlima Granier uliporomoka usiku ukafukia vijiji, na karne nyingi baadaye watu wakapanda juu ya mawe yale ya chokaa. Ukingoni mwa Léman, huko Ripaille na Crépy, hulimwa Chasselas, iliyo laini zaidi. Ipo Altesse, wenyewe huiita Roussette, nzito kidogo na yenye harufu ya asali. Wekundu pia wanao. Mondeuse yao ina harufu ya pilipili manga, na hiyo huiweka kando mpaka nyama ifike. Yule bwana alinieleza haya yote huku akikataa, usiku baada ya usiku, mvinyo mwekundu wa bei kubwa niliokuwa nimeagizwa na meneja nimsukumie.

Jacquère hutaipata Kisumu, na usimsumbue mtu akutafutie Nairobi. Chukua tabia yake uitafute kwenye chupa zilizopo. Na chupa zilizopo kwenye rafu za supamaketi zetu, nyingi zinatoka Afrika Kusini, jambo ambalo ni bahati yetu, kwa maana Afrika Kusini hulima Chenin Blanc kuliko nchi nyingine yoyote duniani, hata kuliko Ufaransa ilikotoka, kwenye bonde la mto Loire. Wenyeji wa Rasi, huko Afrika Kusini, waliizoea kwa jina la Steen. Chenin ina sifa moja inayotuhusu sana sisi watu wa joto: hata ikiiva juani haipotezi uchachu wake. Zabibu nyingi nyeupe zikipigwa na jua kali hugeuka kuwa kama maji ya sukari. Chenin hubaki na ndimu yake ndani.

Ndiyo maana ilikubali pia Dodoma.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa nimechoka kusikia watu wakisema mvinyo ni kitu cha Wazungu. Mkoa wa mvinyo tunao wenyewe, hapo jirani Tanzania. Mizabibu ilifika Dodoma miaka ya 1950 kupitia wamisionari Wakatoliki waliokuwa Bihawana, nje ya mji, nao walikuwa na sababu ya wazi: sheria ya Kanisa inataka divai ya misa itokane na zabibu halisi. Na neno lenyewe divai, lile tunalolisikia kanisani, wanaoshughulika na asili ya maneno hulihusisha na Kifaransa du vin. Kwa hiyo hata tukisema hatujui habari za mvinyo wa Ufaransa, ulimi unatusuta.

Zabibu ya Dodoma iliyojijengea jina ni Makutupora nyekundu, inayoitwa kwa jina la Makutupora, kaskazini ya mji, palipo na kituo cha utafiti wa zabibu. Kando yake hulimwa Chenin nyeupe, na nyinginezo za kusindika na za kula. Hombolo kuna kiwanda na mashamba. Jambo la ajabu kwa Mfaransa, na la kawaida kwa Mgogo, ni kwamba mzabibu mmoja huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nilipomwambia yule bwana wa Savoie aliweka uma chini.

Mvinyo wa Dodoma hauji Kisumu kwa wingi. Ukiwa na ndugu anayepita Sirari, mwagize chupa mbili kwa matumizi ya nyumbani na mwambie azieleze forodhani kama inavyotakiwa. Mwambie waziwazi unataka mweupe mkavu. Usipomwambia atakuletea Dompo, maana ndio jina analolisikia kila mahali kule. Dompo ni mtamu na mzito. Una mahali pake, pengine na keki ya harusi, ila ukiuweka mbele ya ngege umemzika mara ya pili. Makutupora nyekundu iliyo kavu iletee nyama choma na aliya. Ile nyama iliyokaushwa juani ina chumvi na mafuta ya kutosha kuilaza tanini usingizi.

Kenya nayo haiko mikono mitupu. Naivasha, kwenye eneo la Kedong, ndiko hutoka mvinyo wa Leleshwa, uliopewa jina la kile kichaka chenye majani ya kijivu kinachonukia ukikipitia Bonde la Ufa. Mweupe wao wa Sauvignon Blanc ni mchachu kweli, maana Naivasha ni juu, karibu mita 1,900, na usiku wa baridi huilinda asidi ya zabibu. Ukiuona Kisumu, ununue. Kwa ngege wa kuungwa nyanya nauweka mbele hata ya Chenin, kwani nyanya yenyewe ni chachu na mvinyo usiofikia uchachu wa mchuzi huonekana kama maji ya kuoshea glasi.

Mbuta ni habari nyingine. Ana mafuta, hasa tumboni, na akikaangwa vipande vinene anataka kitu chenye mwili. Mpe Chenin kavu, ile yenye harufu ya pera bivu. Kwa mgongo wazi uliokaangwa mpaka mifupa midogo ikatafunika, wenye chumvi na pilipili, chukua mvinyo mweupe wowote mchachu ulio baridi sana, hata wa boksi. Sioni aibu kusema wa boksi. Mfuko ulio ndani husinyaa kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hiyo mvinyo hukaa wiki kadhaa kwenye friji bila kuharibika, wakati chupa iliyofunguliwa Ijumaa ikifika Jumatatu imeanza safari ya kuwa siki. Familia inayokunywa glasi moja moja jioni, boksi ndilo lake.

Omena? Nimejaribu kwa miaka. Ule uchungu mdogo wa tumbo lake, chumvi, na namna anavyoshika mafuta ya kukaangia, vinaushinda mvinyo. Kunywa bia baridi, au maji ya ukwaju, usijitese. Kamongo aliyekaushwa kwa moshi ndiye samaki pekee wa ziwa hili ninayekubali apewe mvinyo mwekundu, na uwe mwepesi, uliokaa friji nusu saa.

Angalia na vilivyo kando ya sahani. Osuga, yaani mnavu, ni chungu, na tanini ni chungu, ukiviweka pamoja umejipigia kodi mara mbili. Osuga iliyolazwa kwenye maziwa inapokea vizuri Chenin yenye utamu kidogo. Pilipili nayo ina siri yake, kwamba kilevi huichochea. Mvinyo wa asilimia 14 juu ya mchuzi wenye pilipili ni kumwaga mafuta ya taa jikoni. Hapo chagua wenye asilimia 11 au 12, na utamu kiasi hautadhuru. Namba hiyo imeandikwa kwenye kila chupa, kwa maandishi ya sisimizi, nyuma au pembeni. Ni namba muhimu kuliko picha ya kasri iliyo mbele.

Nikiwa bado kwenye lebo: mvinyo mkavu huandikwa "dry" au, ukiwa wa Kifaransa, "sec". Ukiona "natural sweet", hiyo si sifa ya usafi, wanakuambia una sukari. Wengi hununua wakidhani wamenunua kitu cha asili. Tazama na mwaka. Mvinyo mweupe wa bei ya kawaida haukui kwa kukaa, unazeeka tu. Nunua wa mwaka huu au uliopita au juzi yake, unywe kabla mwaka haujaisha. Ile hadithi ya mvinyo kuwa bora kadiri unavyokaa ni ya chupa chache za bei ya ng'ombe, zilizolala kwenye mapango ya baridi, na hakuna pango Kondele. Stempu ya ushuru ya KRA iwe imebandikwa vizuri kwenye kifuniko au shingo, na ukiwa na shaka programu ya simu iitwayo Soma Label huikagua. Chupa isiyo na stempu iache hapo hapo ilipo, hata kama muuzaji ni shemeji.

Halafu joto. Kama kuna jambo moja linaloharibu mvinyo Kisumu kuliko ujinga wote wa kuchagua, ni joto. Niliwahi kuhudumia harusi ambapo makatoni ya mvinyo yalishushwa saa nne asubuhi yakaachwa juani mpaka saa tisa. Duka lililoleta sitalitaja, na bwana harusi alikuwa ameshalipa. Tulipofungua, vizibo vilikuwa vimesukumwa nje nusu kidole, shingo zinanata, na mvinyo mweupe umekuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Ulinukia matofaa yaliyochemshwa. Wageni waliunywa, maana ni wa bure, lakini niliona glasi nyingi zilizojaa zikirudi.

Kwa hiyo dukani usichukue chupa iliyo rafu ya juu karibu na taa, wala iliyopigwa na jua la dirishani. Chukua ya nyuma, ya chini. Usiiache kwenye buti la gari ukaenda kusalimia watu Kibuye. Nyumbani, chumba chenye giza kuliko vyote, chini ya kitanda, ndicho ghala lako. Yenye kizibo cha gome ilaze ili kizibo kisikauke, yenye kifuniko cha kuzungusha isimamishe utakavyo. Na usiidharau hiyo ya kuzungusha. Mimi huipenda zaidi, kwa sababu haipati ule ugonjwa wa kizibo unaofanya mvinyo unuke kama katoni iliyonyeshewa. Ukikutana na harufu hiyo irudishe chupa bila kuona haya.

Kupoza: mvinyo mweupe uwe na baridi ya nyuzi 8 hadi 10, yaani saa mbili na nusu au tatu friji. Stima ikipotea, na itapotea, chukua ndoo. Tia barafu, kisha tia maji, kisha chumvi kiganja kimoja. Watu husahau maji. Barafu peke yake hugusa chupa hapa na pale, lakini maji ya barafu huikumbatia yote, na chumvi huyazidishia baridi. Dakika 20 zinatosha. Barafu ya samaki inayouzwa ufuoni inafaa kwa ndoo, ilimradi uoshe chupa kabla ya kuileta mezani na usithubutu kutia kipande ndani ya glasi. Barafu ikikosekana kabisa, ifunge chupa kwa kitambaa kilicholowa uiweke kivulini penye upepo. Mama zetu walipoza maji kwa mtungi kwa njia hiyo hiyo. Haitafika nyuzi 10, lakini itakuwa ya kunyweka.

Mvinyo mwekundu nao usiuache "joto la chumba" kwa kuwa umesikia hivyo. Maneno hayo yalisemwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye nyuzi 17. Chumba cha Nyalenda saa nane mchana ni nyuzi 30. Nusu saa friji, kisha mimina.

Meza za huku zina watu wa kila namna. Wasabato wamekuwa na sisi tangu walipoanza Gendia mwaka 1906, na kwenye ukoo wangu ni karibu nusu ya watu, na Waislamu ni majirani wa siku zote. Mwenyeji mzuri hamwekei mtu glasi ya mvinyo mbele yake halafu akasubiri aikatae mbele ya wazee. Weka juisi ya ukwaju au ya passion iliyo baridi vile vile, kwenye glasi nzuri vile vile, na umimine ya juisi kwanza. Anayeendesha kurudi Ahero usiku mhesabu upande wa ukwaju, bila mjadala.

Sasa wakulima. Simu hizo huanza hivi: "Jaduong', Dodoma iko mita 1,100 na kitu, Kisumu iko mita 1,100 na kitu. Kwa nini wao waweze sisi tusiweze?" Hesabu ya mwinuko ni sahihi kabisa, na imewapotezea fedha watu wazima. Tofauti iko angani. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni ukavu mtupu. Kisumu hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo, na hakuna mwezi unaoweza kuapa kwamba hautanyesha. Ziwa lenyewe hutengeneza mawingu ya alasiri.

Mzabibu wa Savoie hulazwa na theluji, unaamka majira ya kuchipua. Mzabibu wa Dodoma hauna theluji, kisu cha kupogoa ndicho baridi yake. Mkulima akishapogoa, mti huchipua, huchanua na kuivisha kwa miezi minne hivi, kwa hiyo anaweza kupanga matunda yaive wakati wa ukavu. Hapa kwetu pogoa mwezi wowote uupendao, hesabu minne, mvua itakukuta. Zabibu iliyokaribia kuiva ikinyeshewa hunywa maji, hupasuka, huoza kwenye kichala. Na kabla ya hapo ukungu utakuwa umeshika majani kwa chini, doa jeupe kama unga, na utapulizia dawa ya shaba kila wiki mpaka ujiulize unalima zabibu au unalima dawa. Uwanda wa Kano una balaa la ziada, udongo wake mweusi wa mfinyanzi hushika maji, na mto Nyando hufurika. Mpunga wa Ahero unafurahia hali hiyo. Mzizi wa mzabibu hutaka miguu mikavu.

Kama kiu ya kupanda haikuachi, fikiria upande wa Mbita na Rusinga, ambako ni pakavu zaidi na mawe si haba, na anza na miche mitatu, si ekari tatu. Ipande chini ya ukingo wa paa, mahali mvua haigusi majani, ukamwagilie mizizi kwa mkono. Chagua aina ya kula. Jirani yangu mmoja alifanya hivyo Milimani na mwaka wa tatu alipata vichala kumi na viwili. Kumi vililiwa na ndege siku moja aliyokwenda mazishini, kwa hiyo nunua na neti.

Na kama unachotaka hasa ni kutengeneza mvinyo, huhitaji zabibu. Kenya Wine Agencies, kampuni iliyoundwa mwaka 1969, ilitengeneza mvinyo wa papai ambao nilimimina sana enzi zangu, na haukuwa na aibu yoyote. Papai zimejaa huku, na jamna huangukia barabarani kila msimu zikapaka magari rangi ya zambarau. Juisi, sukari, hamira, mtungi safi wenye kifuniko kinachotoa hewa bila kuingiza, na subira. Kwa glasi zako mwenyewe ni mchezo mzuri. Siku utakapotaka kuuza hata chupa moja, tafuta leseni na alama ya ubora kwanza, maana afisa hatajali kwamba ilikuwa papai ya shambani kwako.

Wiki iliyopita Nyar Alego, jirani anayeuza migongo wazi Obunga, alipita kwangu jioni na beseni lake likiwa na mbili za mwisho. Nilikuwa na chupa ya Chenin kwenye ndoo. Nikamkaribisha kiti, nikamimina kidogo kwenye glasi ya chai. Akanusa kwa mashaka.

"Jaduong', hii ni siki?"

"Karibu iwe. Onja na samaki."

Akamega kipande cha mbavu, akatafuna, akapiga funda dogo. Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua ile ndimu aliyokuwa ameshaikata nusu kwa ajili yangu, akairudisha kwenye beseni.

"Basi hii huihitaji," akasema. "Nitamuuzia mwingine."